Kutafuta "ng'ombe" hakuleti maneno yote: tuandike apostrofi ipi?

mpanga_kurasa

Wakuu, kuna faili la istilahi za ufugaji, mistari 3,000 hivi, safu tatu: neno, aina, maana. Fujo yote inazunguka alama moja, ile ya ng'. Waandishi walikuwa wanne: mmoja alitumia Word, mmoja simu, mmoja Excel, mmoja LibreOffice kwenye Linux. Baada ya kuunganisha kazi zao:

– kutafuta ng'ombe kunaleta mistari 41, wakati kwa macho inazidi 100
– sehemu iliyotoka Excel imejaa ngâ€™ombe na kingâ€™ora
– maneno ya mwandishi mmoja yote ni ngómbe, ngóa, kungáa
– kikagua tahajia kinapiga mstari mwekundu hata chini ya vitenzi vya kawaida kabisa
– kwenye PDF ya majaribio apostrofi za baadhi ya maneno ni nene kuliko herufi zilizo jirani, na nakala aliyofungua mchapaji ilionyesha visanduku mahali pake

Kazi inafanyika kwenye Linux. Mwisho wake ni kitabu cha PDF, na orodha hiyo hiyo itatumwa kwa SMS, neno moja kwa siku. Tuchague alama ipi, na tusafishe kwa utaratibu gani bila kuharibu yaliyo sawa?

nukta_nyofu

Mkuu, hapo una angalau alama sita tofauti zinazofanana machoni. Zitenganishe kwanza kwa namba zake za Unicode:

' ni U+0027, apostrofi nyofu ya kibodi. Baiti moja: 27.
’ ni U+2019, iliyopinda, inayowekwa na Word na simu. Baiti tatu: E2 80 99.
‘ ni U+2018, ndugu yake anayefungua nukuu.
ʼ ni U+02BC, ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi, si alama ya uandishi. Baiti mbili: CA BC.
´ ni U+00B4, mkazo uliosimama peke yake.
` ni U+0060, ile ya kona ya juu kushoto ya kibodi.

Kwa programu ya kutafuta, hizo ni alama sita zisizohusiana. Ndiyo maana umepata 41. Usijaribu kuzitambua kwa macho: herufi za pointi 11 kwenye skrini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 (kama pikseli 92 kwa inchi) zinaipa apostrofi upana wa pikseli moja au mbili, na mpindo wake haupati nafasi ya kuonekana. Kwenye Vim weka kishale juu ya alama ubonyeze ga, utaona namba yake. Ukibonyeza g8 (g ndogo) utaona baiti.

Msimamo wangu: data ibaki na U+0027 peke yake. Ile iliyopinda ni pambo la ukurasa, iingie siku ya kupanga kitabu na isirudi kwenye faili mama. Kiswahili sanifu kikiandikwa kwa apostrofi nyofu kinatosha ndani ya ASCII (jedwali la msingi la alama 128), herufi zote. Hiyo ni bahati ambayo lugha nyingi hazina, na inakupa kipimo cha bure cha usafi: chochote kilicho nje ya ASCII ni cha kukaguliwa.

Utaratibu sasa. Fanya kazi kwenye nakala, na ufuate mpangilio huu huu, kwa sababu kila hatua inaiandalia inayofuata.

Kwanza, ngâ€™ombe. Hizo ni baiti E2 80 99 zilizosomwa kana kwamba faili ni Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows wa baiti moja kwa herufi: E2 ikawa â, 80 ikawa €, 99 ikawa ™. Kama CSV ya asili bado ipo, irudie hiyo. Kwenye Excel usiifungue kwa kubofya mara mbili; pitia Data, halafu From Text/CSV, na kwenye File Origin chagua 65001: Unicode (UTF-8). Kama asili imepotea, badilisha tu mfuatano huo wa herufi tatu:

    sed -i.akiba "s/â€™/'/g" istilahi.tsv

Kuna watu watakuelekeza kwenye Python, encode('cp1252') kisha decode('utf-8'). Njia hiyo ni nzuri kwa faili lililoharibika lote. Lako limechanganyika. ’ iliyo sahihi itageuzwa baiti 92, na baiti 92 peke yake si UTF-8 halali, kwa hiyo programu itasimama hapo. Tena alama ya kufunga nukuu mbili, ”, ina baiti 9D, ambayo Windows-1252 haina herufi yake kabisa, kwa hiyo huko nako kuna mtego. Ukilazimika, tumia maktaba ya Python iitwayo ftfy. Imeandikwa kwa ajili ya uharibifu huu hasa.

Pili, leta herufi zote kwenye umbo la NFC (kanuni ya Unicode inayounganisha herufi na mkazo wake kuwa alama moja). Hiyo ó ya ngómbe inaweza kuwa herufi moja (U+00F3) au o ikifuatiwa na mkazo U+0301. Bila NFC, kanuni zinazofuata zitakamata moja na kuikosa nyingine:

    uconv -f utf-8 -t utf-8 -x any-nfc istilahi.tsv > nfc.tsv

Tatu, andika kanuni kwenye faili lake, liite ng.sed:

    s/([Nn][Gg])[’‘ʼ´`]([AEIOUWaeiouw])/\1'\2/g
    s/([Nn][Gg])á/\1'a/g
    s/([Nn][Gg])é/\1'e/g
    s/([Nn][Gg])í/\1'i/g
    s/([Nn][Gg])ó/\1'o/g
    s/([Nn][Gg])ú/\1'u/g

kisha:

    sed -E -f ng.sed nfc.tsv > safi.tsv

Usiiweke kanuni ya kwanza ndani ya alama za nukuu mbili kwenye mstari wa amri. Ile ` inaiambia sheli ianze kutekeleza amri nyingine, na utabaki unashangaa kishale kinachosubiri.

Kwa nini nimedai irabu au w baada ya apostrofi? Kwa sababu ya maandishi kama ‘Beijing’. Pale ng imefuatwa na alama ya kufunga nukuu, na bila sharti hilo ingegeuzwa. Ile w ni kwa ajili ya majina ya Kisukuma yenye ng'w. Ukiisahau yatabaki na alama ya zamani.

Mtego mwingine ni lugha ya mfumo. Ikiwa LC_ALL=C, sed itaona baiti badala ya herufi. Haitalalamika. Itamaliza kazi kimya, na kanuni ya kwanza itakuwa imekamata ` peke yake. Andika locale kwanza uone kama kuna UTF-8.

Nne, hesabu yaliyobaki nje ya ASCII:

    grep -oP '[^\x00-\x7F]' safi.tsv | LC_ALL=C sort | LC_ALL=C uniq -c | sort -rn

Ukiona vistari virefu na nukuu mbili zilizopinda, sawa. Ukiona ’ bado ipo, itafute ilipo kwa grep -n. Mara nyingi ni ushairi, kama ’sije au ’metoka, ambapo apostrofi iko mwanzo wa neno. Hizo ziguse kwa mkono. Kwenye macOS, grep iliyokuja na mfumo haina -P.

kibodi_tupu

Kuhusu ngómbe: huyo mwandishi hakukosea tahajia. Amechagua mpangilio wa kibodi wa United States-International. Kwenye mpangilio huo kitufe cha apostrofi hakiandiki kitu papo hapo. Kinasubiri herufi inayofuata. Ikiwa ni irabu, vinaungana: ' na o vinatoa ó, ' na a vinatoa á. Kiswahili ndicho kinachoumia zaidi hapo, kwa kuwa ng' karibu kila mara inafuatwa na irabu. Wanaoandika Kiingereza hawaoni tatizo kwa urahisi. Don't inapita salama kwa sababu t haina umbo la kuungana nalo.

Tiba ya haraka ni kubonyeza ' kisha nafasi, ndipo o. Tiba ya kudumu ni kubadilisha mpangilio kuwa US wa kawaida. Anayehitaji á na é kwa lugha nyingine kwenye Linux atumie altgr-intl, ambamo kusubiri kumehamishiwa kwenye AltGr:

    setxkbmap us -variant altgr-intl

Amri hiyo ni ya X11. Kwenye Wayland pitia mipangilio ya kibodi ya mazingira ya eneokazi. XKB, mfumo wa mipangilio ya kibodi wa Linux, pia ina ke na tz kwa Kiswahili, na ke ina tawi liitwalo kik kwa wanaoandika Gĩkũyũ na wanahitaji ĩ na ũ.

Halafu zuieni maji kwenye chanzo. Mkisafisha leo na mwandishi wa Word akatuma mistari 50 kesho, mmerudi pale pale:

Word: File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, ukurasa wa AutoFormat As You Type, ondoa tiki kwenye mstari wa kubadilisha nukuu nyofu kuwa zilizopinda. LibreOffice: Tools, AutoCorrect Options, Localized Options, ondoa tiki ya Replace chini ya Single Quotes. iPhone: Settings, General, Keyboard, zima Smart Punctuation. Google Docs: Tools, Preferences, zima Use smart quotes.

Kwa faili la Word lililokwisha kuandikwa: zima mpangilio huo kwanza, kisha fungua dirisha la kubadilisha, weka ' juu na ' chini, Replace All. Inaonekana kama mzaha, lakini Word ikitafuta ' inakamata na zile zilizopinda, na kwa kuwa kupinda kumezimwa, inarudisha nyofu. Ukisahau kuzima, inazipinda zote upya.

tahajia_na_mofimu

Hapa nitampinga kidogo nukta_nyofu, kisha nitakubaliana naye kwa sababu nyingine.

Kwa hoja ya lugha, U+02BC ina haki yake. Katika ng' alama ile haifupishi neno wala haifungi nukuu; ni sehemu ya herufi inayosimamia sauti moja, ile ambayo Luganda inaiandika ŋ. Unicode inapendekeza U+2019 apostrofi inapokuwa alama ya uandishi, na U+02BC inapokuwa herufi. Na kuna faida za kazi: kanuni ya utafutaji \w+ kwenye Python inaikata ng'ombe kuwa ng na ombe, lakini ngʼombe yenye U+02BC inabaki neno moja. Word nayo haiwezi kuipinda.

Kinachoishinda ni matumizi. Hakuna kibodi ya kawaida yenye kitufe chake. Anayetafuta ataandika ' na hataipata. Fonti nyingi hazina umbo lake, na nadhani hapo ndipo ulipo unene anaouona mpanga_kurasa. Kwa hiyo U+0027, sawa, lakini kila mnapokata maneno andikeni kanuni inayoijua:

    re.findall(r"[^\W\d_]+(?:['’ʼ][^\W\d_]+)*", maandishi)

Na msitumie .title() ya Python kwenye vichwa vya maneno, "ng'ombe".title() inatoa Ng'Ombe. string.capwords inakata kwa nafasi tu na inatoa Ng'ombe.

Kutafuta ni jambo la pembeni la data. Tengenezeni safu ya nne, ufunguo wa kutafutia, ambao apostrofi zote zimeondolewa na herufi kubwa zimeshushwa:

    import unicodedata
    ALAMA = {0x27: None, 0x2019: None, 0x2018: None, 0x2BC: None, 0xB4: None, 0x60: None}
    def ufunguo(s):
        return unicodedata.normalize("NFC", s).casefold().translate(ALAMA)

Swali la mtumiaji nalo lipitishwe humo humo. Ng'oa na ngoa (ile ya kulilia ngoa) zitagongana, na ni sawa: mtafutaji aone zote mbili achague. Lakini ufunguo usiwe kitambulisho cha mstari, la sivyo neno moja litamfuta mwenzake.

Kuhusu mistari myekundu, tazama kwanza lugha iliyoandikwa chini ya dirisha la LibreOffice. Ikiwa ni English, kila neno litakuwa jekundu. Kamusi ya Hunspell (programu ya kukagua tahajia) inayosambazwa na LibreOffice ni sw_TZ, kwa hiyo chagua Kiswahili cha Tanzania. Ukichagua cha Kenya na hakuna kamusi iliyosajiliwa kwa jina hilo, hutaona mstari mwekundu hata mmoja na utadhani maandishi ni safi. Huko ndiko kubaya zaidi.

Yanayobaki mekundu baada ya hapo ni suala la umbo la Kiswahili chenyewe. Hunspell kwa kawaida inavua kiambishi awali kimoja na viambishi tamati viwili. Ina mpangilio wa COMPLEXPREFIXES unaoruhusu viambishi awali viwili, lakini hapo tamati inabaki moja. Sasa chukua hawakutuandikia: ha-wa-ku-tu-andik-i-a. Vinne vimetangulia mzizi. Asiyekusikiliza navyo ni vinne. Nafsi 6, nyakati 4 (na, li, ta, me), na yambwa 6 au pasipo yambwa, vinatoa 6 × 4 × 7, yaani maumbo 168 ya kitenzi kimoja karatasini, kabla hujagusa ukanushi, urejeshi, ngeli nyingine na kauli za kutendea na kutendesha. Mtunga kamusi anaishia kubana mafungu ya viambishi kana kwamba ni kiambishi kimoja, na lazima mengine yamponyoke.

Kwa hiyo usikubali wala kukataa neno moja moja. Toa orodha kwa wingi wa kujitokeza:

    hunspell -d sw_TZ -l safi.tsv | sort | uniq -c | sort -rn | head -200

Lijitokezalo mara 30 kwa kawaida ni neno sahihi lisilo kwenye kamusi, liingize kwenye kamusi yako binafsi. Makosa ya kweli hukaa mkiani, yale ya mara moja moja, kwa hiyo baada ya hizo 200 ondoa head usome mwisho wa orodha. Hapo pia ndipo utakapokuta ngombe isiyo na alama yoyote, ambayo sed haiwezi kuitibu kwa sababu haijui ngoma inatofautianaje na ng'ombe.

Ukihitaji kukagua maandishi yaliyokwisha kupindwa, nakili sw_TZ.aff na sw_TZ.dic kwenye folda yako (usihariri zile za mfumo, sasisho litazifuta), kisha ongeza kwenye .aff:

    WORDCHARS '
    ICONV 1
    ICONV ’ '

Kama mistari ya WORDCHARS au ICONV ipo tayari, ongezea kwenye hiyo hiyo, na ile namba baada ya ICONV iwe idadi ya mistari inayofuata.

mpanga_kurasa

Shukrani wakuu. Hatua zimefuatwa, ila kwenye hatua ya pili imetumika Python na NFKC badala ya uconv na NFC. Maneno 60 hivi ya mwandishi wa simu sasa yana nafasi katikati: "ng ́ombe". Sed haiyagusi.

nukta_nyofu

Ile K ndiyo iliyokuponza. NFKC haitofautishi umbo tu, inabadilisha na herufi inazoziona kuwa za upatanifu. U+00B4 kwake ni nafasi ikifuatiwa na mkazo U+0301, na ndivyo ilivyokuandikia. Wakati huo huo haigeuzi U+2019 kuwa U+0027, kwa hiyo haikukupa faida uliyoitarajia. Rudi kwenye nakala ya akiba, fanya NFC. Usijaribu kutengeneza hiyo iliyoharibika kwa kufuta nafasi, maana NFKC imegeuza vitu vingine pia: ½ imekuwa tarakimu zenye mkwaju katikati, m² imekuwa m2. Kwenye istilahi za ufugaji vipimo si vichache.

risasi_na_wino

Nichukue upande wa PDF. Visanduku na unene vinatokana na chanzo kimoja: fonti haina umbo la herufi iliyoombwa. Kwenye mashine yako mfumo uliazima umbo hilo kutoka fonti nyingine, ndiyo maana likaja nene. Kwenye mashine ya mchapaji hapakuwa na wa kumwazima, au programu yake haikutafuta, ikachora kisanduku. Lakini kama mchapaji aliona visanduku, basi ama alipewa ODT au DOCX, ama PDF yenye fonti isiyofungashwa. Kagua:

    pdffonts kitabu.pdf

Safu ya emb iseme yes kwa kila mstari. sub ikiwa yes ni sawa tu, maana yake imefungashwa sehemu inayotumika. uni ikiwa no, maandishi yataonekana vizuri lakini ukiyanakili huenda yakatoka takataka, na PDF isitafutike. Ukiona fonti ambayo hukuichagua kabisa, hiyo ndiyo iliyoazimwa.

Kujua fonti zipi kwenye mashine zina U+02BC:

    fc-list ":charset=02bc" family | sort -u

Ukibaki na U+0027 na U+2019 hutahitaji amri hiyo, kila fonti ya Kilatini inayofaa kuchapwa inazo zote mbili. Kwa kamusi chagua fonti yenye sura nne halisi: wima, nene, mlazo, na nene ya mlazo. Isipokuwa na nene yake, programu itainenepesha kwa nguvu na tundu za e na a zitajaa wino. Charis SIL ina zote nne na leseni yake ni huru. Andika, ya SIL pia na yenye jina la Kiswahili, imetengenezwa kwa wanaojifunza kusoma. Herufi zake a na g ni za umbo la mwandiko. Kwa kitabu cha watoto ni chaguo zuri, kwa kamusi iliyobanana naiona pana mno.

Weka fonti kwenye ~/.local/share/fonts, endesha fc-cache -f, kisha fungua LibreOffice upya.

Jaribio langu kabla ya kuipitisha fonti kwa Kiswahili ni mstari huu: "Ili ng'ombe wang'ae, Illa king'ora". Fonti nyingi zisizo na vikia (serif) zinaichora I kubwa sawasawa na l ndogo, na sisi tunaanza sentensi nyingi kwa Ili na Ilikuwa. Tazama pia nafasi ya apostrofi kati ya g na o. Kwenye fonti za upana mmoja panabaki pengo, ng ' ombe, na haina dawa. Usiitumie kwa maneno ya kichwa.

Apostrofi ipindwe hapa, mwishoni, kwenye nakala ya kupangia tu:

    sed -E "s/([Nn][Gg])'([AEIOUWaeiouw])/\1’\2/g" safi.tsv > kupanga.tsv

Ukipanga kwa LuaLaTeX au XeLaTeX huna haja nayo, ' ya maandishi ya kawaida inatoka imepinda yenyewe.

Na kama lazima utume DOCX: usitumie Calibri kisha ushangae kurasa kuongezeka kwenye Linux. Carlito ina upana ule ule wa Calibri, Caladea wa Cambria, Liberation Serif wa Times New Roman. Zisipokuwepo, mistari inahama.

mpanga_kurasa

pdffonts imeonyesha fonti mbili zisizochaguliwa, zote zimeondoka baada ya kurudi NFC na kusafisha. Swali la pembeni: skrini ya kukagulia ni televisheni ya 4K kwa HDMI, herufi nyekundu na bluu zina ukungu. Ni fonti?

risasi_na_wino

Si fonti. Televisheni inapokea picha iliyopunguzwa rangi, 4:2:0 au 4:2:2, ambamo pikseli jirani zinagawana rangi. Video haionyeshi hasara hiyo, herufi nyembamba za rangi zinaionyesha mara moja. Weka kadi ya picha itoe RGB au 4:4:4, na kwenye televisheni ipe njia hiyo ya HDMI jina la PC. Nyingi hubadilisha uchakataji kwa jina hilo tu. HDMI 1.4 kwa 4K ikiwa RGB inafika Hz 30, kwa Hz 60 unahitaji 2.0 pande zote mbili pamoja na kebo inayoimudu. Ukungu ukibaki hata kwenye herufi nyeusi, zima ulainishaji wa rangi:

    gsettings set org.gnome.desktop.interface font-antialiasing 'grayscale'

kibodi_tupu

Kabla hujafika kwenye SMS, angalia hili. Ujumbe wa herufi za GSM, jedwali la msingi la herufi za simu, unabeba 160. Ikiingia herufi moja tu isiyo kwenye jedwali hilo, ujumbe wote unahamia UCS-2 (baiti mbili kwa kila herufi) na nafasi zinashuka hadi 70. Apostrofi nyofu imo kwenye jedwali. ’ haimo, ʼ haimo, na hata ` haimo. Yaani maana ya neno yenye herufi 150 na ’ moja itatumwa vipande vitatu, kwa sababu ujumbe uliogawanywa kwa UCS-2 unabeba 67 kila kipande (kwa GSM ni 153). Kwa hiyo chanzo cha SMS kiwe safi.tsv, kamwe si kupanga.tsv, na kabla ya kutuma:

    grep -nP '[^\x00-\x7F]|`' safi.tsv

Chochote kitakachotokea hapo kinaweza kukugharimu. Vistari virefu na nukta tatu zilizoshikana kuwa herufi moja (…) ndivyo vinavyosahaulika.

tahajia_na_mofimu

Na tab. Safu zako zimetenganishwa kwa tab, ambayo ni ASCII kwa hiyo grep hiyo haitaiona, lakini jedwali la GSM halina tab. Unganisha safu kwa nukta mbili na nafasi kabla ya kutuma.